Viti vya Watu Mezani kwa Skola

Ninyi vijana mnaojifunza useremala mmeniomba niwaandikie ya kazini, na aliyeniletea ujumbe wenu akasisitiza niandike mambo ya kutia moyo. Ya kutia moyo mtayapata kwa wengine. Mimi nina hasira tangu mwezi uliopita, na majirani wameshachoka kuisikiliza, kwa hiyo leo ni zamu yenu.

Jina langu Kasiani. Nimetengeneza viti hapa Songea kwa zaidi ya miaka arobaini. Milango nimetengeneza, makabati, vitanda, majeneza pia, lakini mwulize mtu mzima yeyote wa Matarawe au Lizaboni, atakwambia huyo ni Kasiani wa viti. Nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mikono bado mizima, na macho yanaona vizuri hata yale ambayo wengine wangependa nisiyaone.

Nitawaambia kisa chenyewe kwa ufupi kwanza, ili mkinikuta mbele nimepotea njia mjue ninakoelekea. Binti yangu aliachia viti sita vya watu vikatwe miguu. Vikakatwa, vikapakwa rangi, vikapangwa kwenye mgahawa wake viwe pambo. Viti hivyo niliazimwa na majirani zangu, na mmoja wa majirani hao ni bibi mjane ambaye hakuwa na kiti kingine cha maana ndani ya nyumba yake.

Binti yangu anaitwa Skolastika, sisi tunamwita Skola. Ana mkono wa kupika, hilo alilichukua kwa mama yake. Alipopata chumba pale Mjimwema afungue mgahawa, nilifurahi kuliko yeye. Nikamwambia, "Viti niachie mimi. Nipe miezi miwili, nitakupa ishirini na vinne vya mninga, vyote baba mmoja mama mmoja."

Akaangalia chini. Mtoto wangu huyu akiangalia chini, najua kuna neno.

"Baba," akasema, "nimepata mpambaji. Anaitwa Festo. Anasema sehemu ya kulia inapendeza viti vikiwa tofauti tofauti. Kila kiti na sura yake, kila kimoja na rangi yake."

"Kama vya kuokota."

"Ndiyo mtindo wa sasa, Baba. Amenionyesha picha kwenye simu."

Jamani, miaka yote hiyo nimehangaika kiti cha sita kifanane na cha kwanza. Nimewahi kukibomoa kiti kizima, kimeshapigwa vanishi, kwa sababu mgongo wake ulizidi wenzake kwa upana wa ukucha. Halafu anakuja mtu aliyesomea kazi kwenye simu, ananiambia kwamba kutofanana ndio uzuri wenyewe. Nilichukua kofia yangu nikaondoka, na chai aliyoniwekea nikaiacha mezani ipoe.

Aliyenifundisha mimi kazi hakuwa na simu. Alikuwa Fundi Otmari, Mmatengo wa milimani, mfupi, mwenye kifua kipana, msimamizi wa karakana moja huko upande wa Peramiho. Maneno kwake yalikuwa adimu. Ukimpelekea kiti alikikalia, akaegemea nyuma mpaka miguu ya mbele ikaacha sakafu, kisha akajitikisa kushoto na kulia huku amekukazia macho. Kiti kikilia, alisimama akakuachia. Hakusema kizuri wala kibaya. Ulijua tu urudi kwenye gundi.

Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza kiti cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Nikakiweka sakafuni, kikayumba. Nikakata mguu mmoja kidogo, kikayumba upande wa pili. Nikakata wa pili, kikayumba upande wa kwanza. Nilikuwa na bidii sana siku ile. Nilipokuja kushtuka, mwalimu alikuwa amepata kigoda cha kuchambulia mboga. Fundi Otmari akaja, akakisogeza kile kigoda hatua mbili tu, kikatulia tuli. Sakafu ndiyo iliyokuwa na bonde. Hakucheka. Alinipa ubao mpana, akaniamuru niurande mpaka uwe tambarare kabisa, na tangu siku hiyo sijapima miguu ya kiti sakafuni. Kigoda alikipeleka kwa mke wake, na kila nilipokwenda kwao alinikaribisha nikikalie.

Basi nanyi msipime sakafuni. Wekeni kiti juu ya ubao mnaouamini. Chini ya mguu mfupi pachikeni vijiti vyembamba mpaka kitulie chenyewe. Chukueni kipande cha mbao, lazeni penseli juu yake, kizungusheni kwenye miguu yote minne mpate mstari mmoja. Hapo ndipo msumeno unaitwa. Mwenye msumeno wa mbele mbele atawauzia watu vigoda maisha yake yote.

Jambo jingine ni mbao mbichi. Hili ninyi mnalifanya sana na mnadhani hatuoni. Mbao inatoka upande wa Namtumbo leo, kesho ni kiti, keshokutwa kinauzwa kando ya barabara kinang'aa kwa vanishi. Mimi nililifanya mara moja. Kwaya ya kigango kimoja walitaka viti haraka kwa ajili ya sikukuu, nami nikaona aibu kuwaambia wasubiri. Vilipendeza mno. Kiangazi kilipoingia, mbao ikanywea, viungo vikaachia, na viti vikaanza kulia. Havikulia wakati wa nyimbo, hapana, vilisubiri ule wakati watu wote wamenyamaza kimya. Kila mwanakwaya aliyehema, kiti chake kilimsemea. Mzee wa kigango alinifuata nje baada ya ibada akaniambia, "Fundi, hata shetani hajawahi kutusumbua hivi." Nilivirudia vyote. Tangu hapo mbao yangu ilikaa bandani mpaka niliporidhika nayo, na mteja aliyeona anacheleweshwa nilimwonyesha njia ya kwa wengine.

Sasa turudi mezani. Fundi Otmari alinifundisha kwamba mtu anayekula hajali mgongo wa kiti una nakshi gani. Mwili wake unajali kimo cha kikalio, na nafasi iliyopo kati ya kikalio na uso wa meza. Nafasi hiyo ni shibiri moja na vidole vinne. Ikizidi, mla anachota mchuzi usawa wa kidevu. Ikipungua, magoti yanagonga meza. Viti vikilingana hapo, hata vitofautiane kwa mengine yote, watu watakaa meza moja wakitazamana machoni.

Kwa hiyo nakiri, ingawa sipendi, kwamba wazo la Festo lilikuwa na akili ndani yake. Hata hilo la kimo alilijua. Ubaya ni njia aliyolitekeleza. Alitafuta kiti kifupi kuliko vyote, akavipunguza vyote vilivyobaki vimfuate yule mfupi. Mtu mwenye adabu ya kazi angemnyanyua mfupi. Angemwekea vipande chini ya miguu, angemshonea mto, kuna njia nyingi. Lakini msumeno ulikuwa karibu, na mwenyewe alikuwa na haraka.

Kuna jambo lazima niwaeleze hapa, maana baadhi yenu mmekulia mahali ambapo viti ni vya plastiki na hamlijui. Wakati wangu, kiti hakikutoka kwangu bila alama chini ya kikalio. Nilichoma kwa msumari wa moto herufi, msalaba, jani, chochote alichotaka mwenyewe. Hiyo alama ilikuwa na kazi. Kiti cha kwetu hakikai nyumbani kwake tu. Kuna harusi, kuna kipaimara, na kuna msiba. Msiba ukitokea, majirani wanabeba viti vyao kichwani wanavipeleka kwa mfiwa, kila nyumba kimoja au viwili, na baadaye alama ndiyo inayosema hiki ni cha nani. Ndiyo maana kwa watu wa rika langu, ukiingia kwenye nyumba ukakuta viti visivyofanana vimejaa chumbani, huulizi kuna nini. Unavua kofia, unatoa pole.

Na kuna taratibu zake. Arobaini ikiisha, mfiwa anarudisha kiti kimoja kimoja, kimefutwa vumbi, kwa mkono wake au wa mtu wa nyumbani kwake. Mwenye kiti hadai. Kumfuata mfiwa kumdai kiti ni kumwambia kilio chake kimezidi kipimo, na hakuna mtu wa kwetu atakayethubutu. Kikikaa mwezi, hadai. Kikikaa mwaka, hadai.

Mke wangu Winfrida alifariki miaka miwili iliyopita. Vijana wa mtaa walikuja na shauri la kukodi turubai na viti vya plastiki, vile vyeupe ambavyo ukiegemea miguu ya nyuma inafunguka. Turubai nikakubali. Viti nikakataa. Nilisema, na wote walisikia, kwamba mke wa Kasiani hataombolezewa juu ya plastiki. Ilikuwa majivuno, sasa nayaona. Watu wakarudi makwao, wakaja na viti vyao vya mezani, vingi vikiwa kazi ya mikono yangu. Wengine walibeba kile walichokuwa nacho kimoja tu.

Watu walikuwa wengi na kiti kimoja kilikaliwa na wawili. Vilipokusanywa, sita vilikuwa vimelegea viungo. Wanangu walirudisha vyote vizima, nami nikasema, "Hivi sita niachieni. Nitavikaza kwanza ndipo nivipeleke mwenyewe." Seremala harudishi kiti cha mtu kinacheza. Nikaviweka bandani, nikavifunika magunia, nikafunga mlango.

Sikuufungua. Kila niliposhika ufunguo niliona vile viti vimepangwa uani kwangu na watu wamevikalia. Nikasema kesho. Nikasema mgongo unauma. Nikasema mvua ipite, gundi ikauke vizuri. Nilikuwa na sababu nzuri kila wiki, na miaka miwili ikaenda hivyo.

Siku tatu kabla Skola hajafungua mgahawa, nilikwenda Mjimwema. Nilikwenda kwa sababu dada yangu alinicheka kwamba namwonea wivu mpambaji. Nikakuta kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na ungo umetundikwa ukutani, ungo mzima mpya, umepigiliwa msumari katikati hautapepeta tena maisha yake. Hilo nilitaka kuanza nalo. Kisha nikaviona viti, cha buluu, cha njano, cha kijani, chekundu, vimezunguka meza. Mkono wangu ulivua kofia wenyewe.

"Baba, unaonaje?" Skola akauliza, anatabasamu.

Mimi nilikuwa naangalia kile cha njano. Mgongo wake una vijiti vitano, cha katikati kipana kuliko vingine. Hicho kijiti kipana nilikiweka kwa ajili ya marehemu Mzee Dominiko, aliyekuwa na maumivu ya mgongo na akataka kitu cha kumshika katikati. Nilikuwa bado kijana nilipokitengeneza. Baada yake alikikalia mke wake, Bibi Agnela, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikakigeuza juu chini. Pamepakwa rangi hata chini. Nikapitisha kidole, nikaligusa jembe dogo nililomchomea Mzee Dominiko, limesuguliwa limebaki kidogo tu.

Festo akatoka jikoni. Ni mtu mzima, ana ndevu, ana adabu zake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viti hivi umevipata wapi?"

"Vingi nimevikusanya mitaani, mzee. Watu wanavitupa, wanataka masofa. Ila hivi sita vizuri kuliko vyote dada Skola amevitoa kwenye banda la nyumbani."

Nikamgeukia Skola.

"Vilikuwa chini ya magunia, Baba. Miaka miwili. Nilijua ni vyako, si umevitengeneza wewe?"

"Na kitanda cha paroko nimekitengeneza mimi. Niende nikakilalie?"

"Baba."

"Uliona alama chini?"

"Tuliona michoro ya kuungua," Festo akasema taratibu. "Niliipiga msasa ili rangi ishike."

"Na miguu?"

"Nilikata vidole vitatu, mzee, ili vilingane na hivi vingine."

"Vipande viko wapi?"

Akaangalia mlangoni. Mama anayekaanga maandazi nyumba ya jirani alivichukua kuwashia moto. Mninga uliokauka tangu Skola hajazaliwa, umekaanga maandazi. Sijui kama mnanielewa nilivyojisikia. Niliona moto machoni. Nilimwambia binti yangu, mbele ya yule mgeni, kwamba amewaandalia watu wali na nyama juu ya msiba wa mama yake.

Ndipo alipoelewa. Akakaa kwenye kile cha njano, kisha akasimama haraka kama amekalia kaa la moto. Nilidhani ataomba radhi. Badala yake akanijia juu.

"Ulisema utavirudisha wewe, Baba. Mwenyewe. Hukutaka mtu aingie bandani, hukutaka mtu amtaje Mama mbele yako. Mimi ningejuaje hivi ni vile? Ungevirudisha, ningevikuta?"

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana iliniudhi kuliko mengine yote. Nikamwambia viti viwe kwa wenyewe kabla ya Jumamosi.

"Na mimi Jumamosi nitafungua na nini?"

"Tandika mikeka."

Nilitoka pale na kiti cha njano begani. Watu walinishangaa njia nzima. Nilifungua banda. Harufu ya mbao iliyofungiwa ilinipokea, nikaanza kazi na mgongo wangu hivyo hivyo. Alasiri Festo akafika na vile vitano kwenye toroli. Sikumwita. Nilimpa msasa na kipande cha kioo cha kukwangulia, nikamwonyesha mahali pa kukaa, nikamwambia atoe rangi yake yote mpaka aione mbao. Alikwangua siku ile na Alhamisi nzima. Aliponiuliza kama anafanya sawa nilimwambia aendelee. Hakuniomba msamaha, nami sikumsamehe, na kazi ilikwenda vizuri.

Sikilizeni kuhusu kuunga mguu wa kiti, maana ipo siku mtaaibika kama mimi. Usikate sawasawa ukaweka kipande na msumari. Huo utaachia mtu akiegemea tu. Kata kwa mshazari mrefu, mguu na kiungio, vilaliane kwa urefu wa shibiri nzima. Weka gundi, funga kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliochanwa, uache usiku mzima. Asubuhi toboa, ingiza vijiti viwili vya mbao, ndipo upige randa. Mninga mpya hautalingana rangi na wa zamani. Wako watakaowashauri mfiche kwa vanishi nyeusi. Mimi sikuficha. Nilitaka kila mwenye kiti aone nilichomfanyia. Alama nilizichoma upya, herufi, msalaba, jani na lile jembe.

Ijumaa asubuhi kabla sijaanza kurudisha, nilivitoa viti vyangu sita vya mezani, vile nilivyomtengenezea Winfrida tulipofunga ndoa. Vyote vinafanana, sina haja ya kuwaambia. Nikampelekea Skola nikavishusha mlangoni. Jumamosi nilipopita niliona amevitawanya, kila meza kimoja, katikati ya vile vya rangi. Havikupakwa rangi na havikukatwa. Vile vya Festo ndivyo vilivyowekewa vipande chini ya miguu.

Ijumaa ile ile nilianza na nyumba tano zilizokuwa nyepesi kwangu. Walinipokea kiti, wakakitazama miguu, wakanitazama mimi, wakasema asante. Bibi Agnela nilimwacha wa mwisho kwa woga.

Nilimkuta anakula mlo wa mchana. Mlango ulikuwa wazi. Ugali na mboga ya majani, likolo, vilikuwa mezani, naye alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake kanga iliyokunjwa. Kidevu chake kilikuwa karibu kugusa meza. Mkono aliunyanyua juu kufikia sahani, kama mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba Skola. Karibu chakula."

Hasira ikanipanda palepale mlangoni, na kiti nimekishika. "Bibi, miaka miwili unakula hivi? Kwa nini hukuniambia? Nyumba ya tatu tu, ungemtuma mtu."

"Nimtume aseme nini? Ulikuwa msibani."

"Arobaini ilikwisha zamani."

"Ya kanisani ilikwisha. Yako ilikuwa haijaisha, viti vilikuwa bado kwako." Akamega tonge, akachovya. "Mtaa mzima unajua. Tulikuwa tunakusubiri. Mtu atakujaje kwako na vicheko, au kukuletea harusi yake, wakati hujamaliza kulia? Unadhani tulikuwa tunapita kimya kimya kwa kupenda?"

Vijana, kwa miaka miwili watu walikuwa wakinisalimia kwa sauti ya chini na kuondoka. Hakuna aliyenitania. Hakuna aliyekuja kukaa uani kwangu kubishana juu ya mvua na mbolea kama zamani. Mimi nilishawahukumu. Nilisema hawa ni watu wa kula msibani na kusahau, Winfrida wamemsahau kabla udongo haujakauka. Wawili kati yao nilikuwa nimeacha hata kuwasalimia. Jirani mmoja alimwoza binti yake bila kunipa kadi, nikamchukia moyoni mpaka Ijumaa ile. Kumbe walikuwa wananiheshimu. Kumbe mlango niliufunga mimi, nikakaa ndani nikiwalaani kwamba hawaingii.

Bibi Agnela alinawa, akafuta mikono, akakipokea kiti. Akakigeuza. Akalitafuta jembe kwa kidole gumba mpaka akalipata. Kisha akaitazama miguu, juu mbao nyeusi ya zamani, chini vile viungio vyangu vyeupe vipya.

"Umekivisha soksi," akasema.

Akakiweka mezani pake, akakikalia, akaegemea kile kijiti kipana cha katikati, akafumba macho kidogo. Meza ilimfika tumboni mahali inapotakiwa. Alipofumbua macho alikuwa na uso mwingine kabisa, uso wa miaka ya nyuma, na akapaza sauti mpaka nyumba ya pili wasikie.

"Fundi gani huyu wa kukaza kiti kimoja miaka miwili? Nasikia anaitwa Kasiani wa viti. Angekuwa wa majeneza tungeoza."

Nyumba ya pili wakacheka. Nikafungua mdomo nimjibu, maana kuhusu kazi yangu hajazaliwa mtu wa kunisema nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo, zuri kabisa. Halikutoka. Nikakaa kwenye ile ndoo, nikamlilia Winfrida kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Bibi Agnela hakuninyamazisha. Aliponiona nimemaliza alinimiminia maji nikanawa, akaisogeza sahani katikati yetu, tukala.